Injini ya Probox Yangu Imekufa: Nitie Nyingine au Niliuze Gari Likavunjwe?

Kwa Mhariri na wasomaji wenzangu,

Naomba ushauri kuhusu gari, na hasa ningependa wanijibu wale wanaolitegemea gari kwa kazi ya kila siku. Nyumbani tumelizungumza jambo hili hadi maneno yamekwisha, na kila mmoja bado yuko pale alipoanzia.

Mimi ni mshonaji wa sare za shule hapa Luanda, Kaunti ya Vihiga. Vitambaa nanunua Kisumu, sare napeleka shule za Emuhaya, Maseno, Yala na hadi Majengo. Kazi hiyo yote ilikuwa juu ya Toyota Probox ya mwaka 2007, injini ya 1NZ. Nililinunua likiwa limeshatumika Japani, likanilipia karo za watoto wawili, na cherehani zangu zote zilitokana na safari zake. Nalisema hili ili mwelewe kwamba siandiki kuhusu gari la kutembelea.

Septemba iliyopita lilikuwa linatoka Kisumu na marobota ya vitambaa. Anayeliendesha ni mpwa wangu, kijana mwangalifu sana. Mnaoijua barabara ya Busia mnajua kwamba ukishapita Kisian unaliacha bonde la ziwa na kuanza kupanda hadi Maseno. Katika mlima huo taa nyekundu ya joto iliwaka. Akasimama papo hapo, akazima injini, akanipigia simu. Tukalivuta hadi Luanda.

Fundi wa kwanza alisema ni gasketi ya hedi, yaani kile kizibo kinachokaa kati ya hedi (sehemu ya juu ya injini) na mwili wa injini. Akaibadilisha, akaweka na hosi mpya ya redieta, nikamlipa shilingi 24,000. Gari likafanya kazi hadi mwishoni mwa Novemba. Asubuhi moja mpwa wangu akavuta kijiti cha kupimia oili kama kawaida yake, akakuta oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Maji yalikuwa yameingia ndani. Safari hii nilikataa lisifunguliwe tena na fundi yule yule. Nikakodi lori dogo likalibeba hadi Kisumu kwa fundi mwingine niliyeelekezwa na mteja wangu.

Huyu wa Kisumu aliifungua injini mbele yangu na kunionyesha kila kitu. Hedi ya injini hii ni ya alumini, na alumini ikipata joto kupita kiasi hupinda. Aliilaza rula ya chuma juu ya hedi, akachukua geji nyembamba na kuipitisha chini yake, ikapita. Akasema mtu huangalia hivyo kabla ya kufunga gasketi mpya, na hedi ikionekana imepinda hupelekwa kwa mashine ikasawazishwe. Ya kwangu haikupelekwa. Gasketi mpya ilifungwa juu ya hedi iliyopinda, kwa hiyo isingeweza kuziba.

Kisha akanionyesha mahali thamostati inapokaa. Palikuwa patupu. Nimesikia mafundi wengi wa huku huitoa na kusema kwamba sehemu za joto kama zetu haziihitaji. Yeye alinieleza kwamba kazi yake ni kuyazuia maji mpaka injini ipate joto lake, kisha inafunguka na kuyaacha yapite kwenye redieta. Ikitolewa, injini hukaa baridi kwa muda mrefu na kula petroli zaidi. Tena katika injini zenye njia ya pembeni ya maji, sehemu ya maji hurudi ndani bila kupita kwenye redieta, na gari likiwa na mzigo mlimani joto hupanda. Njia za maji nazo zilikuwa zimejaa kutu na tope kwa sababu ya kutiwa maji ya kisima miaka mingi badala ya kulanti, yale maji maalumu ya kupozea injini. Nimeyaandika haya kwa urefu kwa kuwa najua kuna mtu anayesoma hapa na gari lake halina thamostati wakati huu, naye hajui.

Mwisho, na hili ndilo lililonikata maini, beringi za krenki (ule mhimili unaozungushwa na pistoni) zimelika kwa sababu ya ile oili iliyochanganyika na maji, na silinda moja ina mikwaruzo. Hedi peke yake haitoshi tena.

Nimepewa njia mbili za kutengeneza. Ya kwanza ni kuifungua injini hii yote na kuijenga upya: pistoni, ringi, beringi, gasketi zote, pampu ya maji, hedi kusawazishwa na krenki kusagwa. Jumla ni shilingi 95,000. Fundi mwenyewe hakuipendelea. Alisema kazi anaiweza, ila hawezi kuniapia kuhusu vipuri, maana beringi na ringi za bandia zimejaa madukani na pakiti zake zinafanana kabisa na za halisi.

Njia ya pili ni kutia injini nyingine, iliyotolewa kwenye gari lililovunjwa Japani. Ameulizia, akaambiwa shilingi 80,000. Ukiongeza kazi ya kufunga, redieta mpya, thamostati, oili na kulanti, inafika 115,000. Muuzaji anatoa dhamana ya wiki mbili tu. Namba ya injini nayo itakuwa imebadilika, kwa hiyo itabidi nipeleke ombi NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, gari likaguliwe, na logibuku, yaani hati ya umiliki wa gari, irekebishwe. Mtu asipofanya hivyo, siku akitaka kuuza atakwama, na polisi wakikuta namba hazilingani ana kesi.

Njia ya tatu ndiyo anayoitaka mume wangu. Ana binamu yake Kisumu anayenunua magari mabovu na kuyavunja kuuza vipuri. Ametoa shilingi 130,000 kwa gari lilivyo, injini ikiwa vipande ndani ya sanduku. Nimejaribu kulinganisha. Kwa watu wa skrepu gari hununuliwa kwa kilo, na Probox ina takriban tani moja. Kwa shilingi 40 kwa kilo niliyotajiwa hapa, ni kama 40,000. Kwa hiyo bei ya shemeji si mbaya, nami sitaki mtu adhani namshuku. Ila najua giaboksi peke yake, milango, taa, viti na magurudumu vitamrudishia pesa yake na zaidi, naye mwenyewe hakunificha hilo. Tena ni ndugu. Nikimkatalia kisha nimuuzie mtu mwingine, maneno yatafika hadi kwa mama mkwe.

Sababu za mume wangu zina uzito, nami nazieleza kwa haki. Anasema gari linakaribia miaka 20. Leo ni injini, kesho giaboksi, keshokutwa steringi. Kutu imeanza chini ya mlango wa nyuma, na shoki za nyuma zimechoka. Anasema pesa inayoingia kwenye gari kuukuu hairudi, na kwamba 130,000 mkononi ni mwanzo wa kununua jingine.

Hapo ndipo tunapoachana. Jingine lipi? Serikali hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka minane, kwa hiyo Probox inayotoka Japani sasa hivi inauzwa zaidi ya milioni moja. Sina pesa hiyo na sitaki mkopo wa ukubwa huo. Za umri kama wa langu zinauzwa hapa kwetu kama 450,000 zikiwa zinatembea, na nikichukua moja nitakuwa nimenunua maradhi nisiyoyajua. Langu nayajua yote. Giaboksi haina neno, sakafu ni nzima, na fundi aliingia chini yake na tochi kwa muda mrefu asione ufa popote.

Msimu wa kufungua shule Januari nilikodi pikapu, ikanila shilingi 38,000, na kuna shule moja Yala iliyoniacha kwa sababu sare zilichelewa. Nilikuwa nimewashonea tangu nilipoanza kazi. Sikumlaumu mwalimu mkuu, watoto wasingeweza kungoja. Lakini siku hiyo niliona wazi kwamba thamani ya gari hili haiko katika bei ambayo mtu angelinunua. Mume wangu anahesabu gari litauzwa ngapi. Mimi nahesabu lisipokuwepo ninapoteza ngapi.

Kinachonifanya nisite ni pesa yenyewe itakapotoka. Zamu yangu ya chama, kile kikundi chetu cha kuchangiana pesa kwa zamu, ni Aprili, shilingi 120,000, nami nilikuwa nimeipangia mashine ya kufuma sweta. Sasa hivi sweta nanunua kwa watu wengine, na faida yote inabaki kwao. Nikiitia hiyo pesa kwenye injini, mashine inasubiri mwaka mzima hadi zamu irudi. Nikinunua mashine, nitafuma sweta ambazo nitazibeba kwa pikapu ya kukodi. Nikimuuzia shemeji ninapata mashine na akiba juu, ila sina gari, na sijui nitalipata lini tena.

Basi naomba mnisaidie kwa haya. Kuna aliyetia injini ya Japani kwenye Probox au gari lenye 1NZ, ikadumu kwa mizigo na milima kama hii yetu? Kabla ya kulipa ulipima nini? Fundi wangu anasema tutapima kompreshani, yaani nguvu ya mgandamizo, ya kila silinda na kufungua sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, kuangalia kama kuna tope, lakini muuzaji hataki sampu ifunguliwe. Je, hiyo ni desturi yao, au ni dalili ya kuondoka dukani?

Pili, wale wa biashara kama yangu, mngetanguliza nini, gari au mashine?

Tatu, ikiwa nitauza likavunjwe, nijikinge vipi na logibuku na namba za usajili? Sitaki bati lenye namba zangu likapachikwe kwenye gari la watu wabaya na mimi niitwe polisi. Najua Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015 inamtaka mnunuzi wa skrepu awe na leseni, lakini binamu yake mume wangu anauza vipuri, na sijui kama leseni hiyo inamhusu. Ningependa kusikia kwa mtu aliyefuta usajili wa gari lake NTSA, alianzia wapi na ilimchukua muda gani.

Na kama kuna mke aliyewahi kukataa kumuuzia shemeji yake kitu bila nyumba kuvurugika, naomba aniandikie alisemaje. Mume wangu ni mtu mzuri na tunaheshimiana, na tumekubaliana kwamba hatuamui kabla ya kusoma majibu yenu. Shemeji ametupa hadi mwisho wa Machi.

Ni mimi,
Mshonaji wa sare,
Luanda, Vihiga.