Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Wanachama, Mwaka 2024

Ndugu Makamu Mwenyekiti, Ndugu Katibu, Ndugu Mweka Hazina na ndugu wanachama mliofika,

Namshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha siku ya leo, na nawashukuru ninyi mlioacha shughuli zenu za Jumamosi kuja kuisikia taarifa hii.

Shughuli za kawaida mnazifahamu. Tuliendesha madarasa ya jioni ya mtandaoni kwa wanafunzi wa QT, yaani Mtihani wa Maarifa unaompa mtu sifa ya kufanya mtihani wa kidato cha nne, na watahiniwa wa kujitegemea wa kidato cha nne, tangu Januari hadi mtihani wa Novemba. Mgao wa umeme ulitusumbua mwanzoni mwa mwaka, hali ikaanza kuwa nafuu baada ya mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere kuwashwa Februari. Semina ya walimu ilifanyika. Mengine yamo kwenye taarifa ya Katibu, sitayarudia.

Naomba niingie kwenye jambo lililozua maneno mengi, yaani uamuzi wa Aprili wa kuondoa sharti la mwanafunzi kuwasha kamera kipindi kizima.

Wapo wanaosema mwenyekiti aliamua peke yake. Hilo si kweli. Suala lilifikishwa Kamati Tendaji, akidi ilitimia, na katiba yetu inairuhusu kamati kutoa maelekezo ya ufundishaji kati ya mkutano mkuu mmoja na mwingine. Muhtasari upo, anayetaka ausome. Wajumbe ambao hawakufika siku ile walipewa taarifa mapema, na mimi mwenyewe niliwapigia simu mmoja mmoja.

Wapo pia wanaosema tumelea uvivu, kwamba mwalimu sasa anafundisha majina matupu kwenye kioo, hajui nani yupo na nani ameacha simu mezani akaenda zake. Hoja hiyo naielewa, maana nami nafundisha jioni hizo hizo. Lakini tujiulize wanafunzi wetu ni akina nani. Wengi ni mabinti walioacha shule kwa sababu ya ujauzito kabla ya Novemba 2021, Serikali iliporuhusu wasichana wa namna hiyo warudi kwenye mfumo rasmi. Wengine ni wasaidizi wa kazi za ndani wanaosoma baada ya watoto wa mwajiri kulala, na wengine ni vijana wa dukani na kwenye daladala. Wengi wao wanaishi chumba kimoja, na simu yenyewe mara nyingi ni ya kuazima.

Mwezi Machi, kabla ya uamuzi, binti mmoja wa darasa langu la Baiolojia aliwasha kamera kama sharti lilivyotaka. Nyuma yake kulionekana kitanda, ndoo za maji na kanga iliyotundikwa kugawa chumba, na mtoto wake alikuwa mapajani akilia. Mwenzake mmoja akaandika maneno ya kejeli kwenye ujumbe wa darasa, wengine wakacheka. Binti akazima kamera, kisha akatoka darasani kabisa. Nilimtafuta kwa simu hadi akakubali kurudi, na ombi lake lilikuwa moja tu: asionekane. Alirudi, akawa anajibu maswali kwa sauti kuliko wengi, na Novemba alifanya mtihani. Wanaonilaumu kwa uamuzi huu naomba wanieleze ningemwambia nini binti yule.

Na haya hatukuyaanza sisi. Mwaka 2021 Profesa Jeremy Bailenson wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alichapisha maelezo ya kwa nini mikutano ya video inachosha: nyuso kukukodolea macho kwa karibu mno, kujitazama mwenyewe muda wote, kukaa pasipo kujongea, na akili kufanya kazi ya ziada kutafsiri ishara ambazo ana kwa ana hazitusumbui. Mwaka huo huo watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, nacho cha Marekani, waliwauliza wanafunzi wao kwa nini hawawashi kamera. Sababu kubwa ilikuwa wasiwasi kuhusu mwonekano wao. Zilikuwepo pia sababu za kuonekana kwa watu na mazingira ya nyumbani, na intaneti dhaifu. Kama mwanafunzi wa Marekani anaona haya, sembuse wetu? Tena video inameza bando mara kadhaa zaidi ya sauti.

Hatukuondoa kamera tukaacha pengo. Kila kipindi kinaanza kwa salamu na kuita majina, na kila mmoja anaitika kwa sauti na kusema hali yake kwa neno moja. Mwalimu anauliza swali kila baada ya dakika kumi. Kazi zinafanywa kwa vikundi vya watu wanne au watano. Anayekosa vipindi viwili mfululizo anapigiwa simu na mwalimu mlezi, na walio chini ya miaka 18 wameelezwa kuhusu namba 116, huduma ya simu kwa mtoto, ambayo kupiga ni bure. Tarehe 12 Mei nyaya za baharini zilipokatika na intaneti ikayumba nchi nzima, darasa langu liliendelea kwa sauti zilizorekodiwa na kutumwa WhatsApp kila mtandao uliporudi kidogo, kwa sababu lilishazoea kusikiliza.

Ndugu wanachama, kinachoniuma ni ulezi. Orodha ya walimu walezi ilipitishwa kwenye kundi tangu Mei, na majina yaliyojazwa ni yale yale ya siku zote. Baadhi ya waliopinga uamuzi wa kamera kwa nguvu hawajampigia mwanafunzi hata mmoja kumuuliza yuko wapi. Mtoto anayepotea darasani kimya kimya hapotei kwa sababu ya kamera. Anapotea kwa sababu hakuna aliyemwulizia.

Mahudhurio ya vikao nayo yanasikitisha; vikao viwili viliahirishwa kwa kukosa akidi. Kuhusu fedha: wanachama 64, waliolipa ada ya shilingi 30,000 ni 23, makusanyo shilingi 690,000, matumizi shilingi 845,000, pengo shilingi 155,000. Pengo hilo ni bando la walimu la Juni na Julai, na nimelifidia mfukoni mwangu. Nalisema ili lijulikane, kwa kuwa nimesikia ikiulizwa fedha za bando zilitoka wapi.

Kwa mwaka 2025 tunatarajia, Mungu akijalia, kupata mshauri nasaha wa kutusaidia hata mara chache kwa muhula, kuzungumza na wadau juu ya simu za kuazimisha wanafunzi, na kuongeza idadi ya walezi. Fomu ya ulezi iko kwa Katibu, pale mlangoni.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti