Mmewahesabu nguruwe, hesabuni na ekari

Ndugu Mhariri,

Nimekuwa msomaji wako tangu enzi ambazo gazeti lilitufikia Tukuyu siku moja baada ya kuchapwa, na kwa miaka yote hiyo sijawahi kukuandikia hata mstari mmoja. Safari hii nimeshindwa kunyamaza. Taarifa yenu juu ya wafugaji wa nguruwe wa Rungwe "wanaoua vijito" imesomwa na kila mtu huku, imepigwa picha na kuzungushwa kwenye simu, na sasa wapita njia hushika pua wanapokaribia kwetu hata siku ambazo upepo unavuma kuelekea upande mwingine.

Nianze na picha mliyoichapa. Lile bwawa la rangi ya waridi, lenye mabanda marefu yaliyopangwa kando yake kwa mstari, haliko Rungwe. Ni bwawa la kinyesi la mashamba makubwa ya Marekani, ya namna inayojulikana sana katika jimbo la North Carolina, ambako maelfu ya nguruwe hufungiwa ndani, kinyesi chao husukumwa kwa maji hadi kwenye bwawa lisilo na paa, kisha maji hayo hunyunyiziwa mashambani. Jimbo hilo lilisimamisha ujenzi wa mabwawa mapya ya aina hiyo mwaka 1997, likaweka marufuku ya kudumu mwaka 2007, na bado Kimbunga Florence kilipopiga Septemba 2018 mabwawa kadhaa ya zamani yalifurika na mengine kingo zake zikabomoka. Ni habari ya kweli na ya kusikitisha, na mngeiandika kwa jina lake ningeisoma kwa makini. Kuibandika juu ya jina la wilaya yetu, ambako mfugaji wa kawaida ana nguruwe wachache nyuma ya jiko, ni kutuvika kosa la watu wengine.

Wiki ile ile taarifa ilipotoka, tulitembelewa. Alikuja bwana afya akiongozana na mtendaji wa kijiji na mgambo mmoja. Ni kijana mwenye adabu, sitamnyima haki hiyo. Alinipa shikamoo yangu vizuri, kisha akatoa leso, akafunika pua, na hakuiondoa mpaka alipoondoka. Hakuuliza nguruwe wanakula nini, hakuuliza kinyesi kinakwenda wapi, na nilipomwonyesha shamba alitazama saa. Alichokifanya ni kupima umbali kutoka bandani hadi kijitoni kwa hatua zake mwenyewe, akiteremka huku ameshikilia matawi ya mibuni yangu asije akateleza na viatu vile vya ofisini, na alipoona kwamba amezipita zile mita 60 zinazotajwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 alinyamaza kama mtu aliyepoteza kitu. Akarudi bandani. Sakafu ilikuwa imekwanguliwa asubuhi hiyo na kutandazwa maranda makavu, na ndiyo aliyoinyooshea kidole: "Mama, hapa ni pachafu. Hii sakafu ioshwe kwa maji mengi asubuhi na jioni, na lile lundo la samadi liondolewe ndani ya siku saba. Chimbeni shimo mlifukie." Nikamuuliza, "Mwanangu, hayo maji ya kuoshea yatakwenda wapi?" Akautazama mteremko, akakitazama kijito kule chini, akaandika jambo kwenye daftari lake. Mtendaji akakohoa. Nikaachiwa karatasi yenye mhuri inayotishia faini, wakaenda zao.

Hapo ndipo kilipo kiini cha hasira yangu, Mhariri, na ndicho ambacho mwandishi wenu angekigundua kama angeuliza swali moja zaidi. Nguruwe anayekaribia uzito wa kuuzwa hutoa kinyesi na mkojo wa kilo nne hadi tano kwa siku. Ukikikwangua kinyesi hicho kwa koleo kikiwa hakijaloweshwa, unakibeba kwa toroli na kukiweka unapotaka. Ukikimwagia maji, umejitengenezea uji ambao ujazo wake ni mara kadhaa zaidi, hauzoleki kwa koleo, hauozi vizuri, na njia yake ni moja tu, nayo ni kuteremka. Mkojo nao ukichanganyika na kinyesi ndipo amonia inapozaliwa kwa wingi, ile harufu kali inayochoma macho, kwa hiyo agizo la kuosha lingeongeza hata hicho alichokuwa akikizuia kwa leso. Na mabwawa yale ya Marekani ambayo gazeti lako limetutishia nayo yalizaliwa kwa utaratibu huo huo wa kusukuma kinyesi kwa maji! Ofisa amekuja kututetea dhidi ya maafa ya North Carolina kwa kutuagiza tuyaanzishe. Kuhusu kulifukia lundo, sijui niseme nini. Wilaya yetu hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka katika sehemu nyingi, na chemchemi ziko chini ya mashamba. Samadi mbichi iliyofukiwa shimoni bila kitu cha kuizuia huachia naitreti, chumvi ya naitrojeni inayoyeyuka majini, na naitreti hufuata maji ya ardhini mpaka kwenye chemchemi ambazo kina mama wanateka. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za naitreti kwa lita ya maji ya kunywa kwa sababu zikizidi hapo huhatarisha watoto wachanga wanaonyweshwa maziwa yaliyokorogwa kwa maji hayo. Juu ya ardhi lundo langu linaonekana na linanuka kidogo. Likifukiwa halitaonekana wala kunuka, na nadhani hilo ndilo lililotakiwa.

Kwa kuwa hakuna aliyeuliza, nitaeleza mwenyewe. Mimi, mume wangu na kijana wetu huanza kazi ya banda kabla ya chai. Sakafu ni ya zege yenye mwinamo mdogo, mkojo hufuata mfereji na kuingia kwenye pipa lenye mfuniko, na kinyesi hukwanguliwa. Sehemu yake huingia kwenye mtambo wa bayogesi, ule wa kuba la matofali lililozikwa ardhini, wa aina ambayo CAMARTEC, kile kituo cha Serikali cha zana za kilimo na teknolojia ya vijijini kilichoko Arusha, imeieneza nchini kwa miaka mingi, na ndio unaochemsha chai hiyo. Sehemu inayobaki hulundikwa chini ya bati, tabaka la kinyesi na tabaka la maranda au majani makavu ya migomba, kwa sababu kinyesi cha nguruwe kina naitrojeni nyingi mno kulinganisha na kaboni yake na kikiachwa peke yake huoza kwa uvundo. Lundo lililopangwa vizuri hupanda joto hadi nyuzi 55 na zaidi, joto linaloua mayai ya minyoo na mbegu za magugu. Kijana wetu huchomeka nondo katikati, akaiacha humo wakati anakata majani, kisha akaichomoa na kuishika. Isipomchoma, anajua lundo limepoa na linahitaji kugeuzwa. Likiiva huwa jeusi, jepesi, lenye harufu ya udongo wa msituni, na huenda kwenye migomba na viazi. Niseme pia jambo ambalo majirani hawatalipenda: baadhi ya walionukuliwa katika taarifa yenu wakilalamikia harufu ndio wanaokuja jioni na magunia matupu, wakiuliza kama samadi imeiva, ili wakaiweke kwenye miparachichi yao. Walizidi tangu mwaka 2022, mbolea ya dukani ilipopanda bei mpaka Serikali ikalazimika kuleta ruzuku. Huwa nawapa. Sasa nafikiria upya.

Mwandishi wenu alihesabu nguruwe wa vijiji vitatu, akajumlisha, akashtuka. Idadi ya nguruwe peke yake haisemi kitu. Katika Umoja wa Ulaya, ambako wanafuga nguruwe wengi kuliko sisi na walichafua maji yao kabla yetu, sheria ya mwaka 1991 ya kuzuia naitreti kwenye maji haikuuliza kwanza mtu ana nguruwe wangapi. Iliuliza ana ardhi kiasi gani ya kuipokea samadi yao, ikaweka kikomo cha kilo 170 za naitrojeni ya samadi kwa hekta kwa mwaka katika maeneo yaliyo hatarini. Nguruwe mmoja wa kunenepesha hutoa naitrojeni kadiri ya kilo 10 kwa mwaka, maana yake ekari moja inaweza kubeba nguruwe sita au saba. Kwa kipimo hicho mwenye nguruwe sita na ekari mbili za migomba na mahindi hana deni na kijito, ilhali mwenye nguruwe thelathini pembezoni mwa mji, asiye na hata tuta moja la mchicha, analo, hata kama sakafu yake inang'aa. Wapo pia, nakiri, wafugaji wanaozibua mifereji yao usiku mvua kubwa inaponyesha ili asubuhi pawe safi. Tunawajua, na mtendaji anawajua. Wala zile mita 60 zisimlevye mtu. Mita 60 za tambarare ya Kyela si mita 60 za mteremko wa Rungwe mwezi Aprili, na kwenye mteremko makinga maji na ukanda mnene wa mabingobingo yaliyopandwa kuukata huzuia uchafu kuliko umbali mtupu.

Na maadamu tunazungumzia kijito, hivi mwandishi wenu hakupita kule wanakochinjia nguruwe wa baa za kitimoto? Utumbo, damu na manyoya humwagwa ukingoni mchana kweupe, mbwa wakaburuta mabaki hadi kwenye mabanda ya watu, na hapo sijamwona mtu mwenye daftari. Jambo hili si la harufu tu. Homa ya nguruwe ya Afrika haina tiba, huua karibu kila nguruwe inayempata inapoingia kwa ukali wake, na virusi vyake hudumu muda mrefu katika damu na nyama isiyopikwa. Ugonjwa ukinong'onwa tu, walanguzi huzunguka wakinunua wanyama wenye homa kwa bei ya kutupa, wanachinja usiku, na karantini hutangazwa nyama ikiwa imeshaliwa na utumbo umeshafika kijiji cha chini. Familia inayofuga kwa uangalifu hupoteza banda zima kwa sababu ya mtu ambaye hajawahi kuandikiwa hata onyo. Afadhali gazeti lingeanzia hapo.

Ninalopendekeza halihitaji semina wala posho. Ukaguzi wa mabanda ufanywe Aprili, mvua ikinyesha, si wakati wa kiangazi ambapo kila banda la nguruwe ni safi. Anayekagua avae mabuti, aje na mpigapicha wenu akipenda, na asimame pale maji yanapotoka bandani badala ya pale harufu inapotoka. Aulize swali la kwanza juu ya paa. Paa la mita za mraba 50, kwa mvua yetu, hukusanya lita 100,000 za maji kwa mwaka, na banda lisilo na mfereji wa bati kwenye ukingo wa paa huyamwaga maji hayo yote juu ya kinyesi. Hakuna koleo wala mtambo utakaoshinda mafuriko ya namna hiyo. Kwa hiyo atakayekutwa na kosa asitozwe fedha ambazo hatujui huishia kwenye daftari gani. Atozwe mabati matatu ya kufunika lundo, mfereji wa kuzunguka paa na kilo moja ya misumari, avinunue mwenyewe, avipigilie mbele ya mtendaji, na ofisa arudi baada ya mvua kubwa ya kwanza kuangalia kama maji yamehama njia. Asiyefanya hivyo ndipo apelekwe mahakamani, nami nitakwenda kutoa ushahidi dhidi yake.

Karatasi yenye mhuri ninayo bado. Siku saba zimekwisha, lundo liko pale pale kwa sababu halijaiva, na silifukii. Likiiva litaondoka kwa toroli kwenda kwenye migomba, na bwana afya anakaribishwa siku hiyo kusukuma.

Mfugaji wa nguruwe,
Rungwe, Mbeya