Wanawake wa pwani walishika kalamu kabla ya shule

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu mwandishi wa makala ya wiki iliyopita, aliyedai kuwa ujinga ndio uliomzuia mwanamke wa pwani kuandika hadi serikali ilipomfungulia shule. Hapa Unguja shule ya wasichana ya serikali ilifunguliwa 1927. Wakati huo Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, Sultani wa Zanzibar, alikwishafariki Ujerumani miaka mitatu nyuma, na barua za ujana wake zilikwishamkosesha usingizi ndugu yake, Sultani Majid.

Salme alizaliwa Mtoni mwaka 1844. Mabinti wa jumbani walisomeshwa Qur'ani, lakini kuandika walikatazwa. Katika kumbukumbu zake za 1886 ameeleza alivyojifunza kwa kujificha: aliweka msahafu mbele yake, akawa anaiga herufi juu ya mfupa wa bega la ngamia, ndio ubao wa enzi hizo. Alipokwama kwenye mwandiko akamfanya mtumwa mmoja aliyesoma kuwa mwalimu wake. Mtumwa amfundishe binti wa Sultani! Hilo peke yake lingetosha makala nzima.

Ujuzi huo ulimponza. Mwaka 1859 kaka yake Barghash alipotaka kumpindua Majid, karani wa njama alikuwa Salme, msichana wa miaka 15, kwa kuwa alijua kuandika. Barua kwa wakuu wa makabila zilitoka mkononi mwake, na maagizo ya bunduki, risasi na baruti pia. Baadaye alikiri kwamba nafsi ilimsuta kwa ajili ya watu wasio na hatia. Uasi ulishindwa, Barghash akahamishiwa Bombay.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, upande wa Lamu, Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, alikuwa mgonjwa akimtungia bintiye utendi, shairi refu la kumuusia. Nimeusomesha utendi huo hadi nikastaafu, na mjadala darasani ulikuwa ule ule: mke amtii mume, wasichana wananuna, wavulana wanapiga makofi. Beti za mwanzo tulizipita mbio. Humo mama anamwita mwanawe: "Ndoo mbee ujilisi, na wino na karatasi," yaani njoo mbele uketi. Kama binti hakujua kuandika, wino wa nini?

Najua nitaambiwa hao walikuwa watoto wa wakubwa. Kweli. Bibi yangu, mtu wa kawaida, alihitimu Qur'ani na akasomesha watoto wa mtaa mzima, lakini posta alitia dole gumba. Baba yake alikataa asishike kalamu, asije akaandikiana na wanaume. Bibi akilisimulia hilo bila kinyongo. Mimi kinyongo ninacho. Mtu anayesahihisha kisomo cha wenzake kwa kusikia tu, bila kutazama msahafu, utamwitaje mjinga?

Mwaka jana, baada ya jirani zetu kugawana mirathi, niliona gunia la karatasi za herufi za Kiarabu likipelekwa jaani kwa kuwa hakuna mjukuu aliyeweza kuzisoma. Nawaomba wenye makasha ya namna hiyo, kabla ya kutupa, wapite ofisi ya Nyaraka za Taifa pale Kilimani, wasomewe ni nani aliyetia jina lake chini ya barua.

Mwalimu mstaafu,
Unguja