Binti yangu aliwashukuru wote isipokuwa mimi

Kwako Shangazi,

Nakuandikia saa kumi alfajiri na sijapata hata lepe la usingizi. Nakuomba usinihukumu kabla hujamaliza kusoma.

Binti yangu anacheza skwoshi ya kulipwa, ule mchezo wa kupiga mpira ukutani kwa raketi. Hivyo ndivyo wanavyoiita wao, mimi malipo sijayaona. Ana miaka 26. Jana usiku alikuwa Marekani, raundi ya kwanza, nami nimekodolea simu macho. Wakafika seti ya tano, akashindwa 11-9. Nauli kajilipia, viza kajilipia, analala kwa watu asiowajua waliojitolea kupokea wachezaji, na kwenye mashindano madogo kama hayo anayetoka raundi ya kwanza hapati hata cha kurudisha tiketi. Lakini si hilo lililoninyima usingizi.

Kuna mahojiano alifanyiwa, watu wanatumiana kwenye simu. Kaulizwa nani kamfikisha alipo. Akamshukuru kocha. Akamshukuru mwanachama wa klabu aliyempa raketi kuukuu. Akamshukuru hata Nicol David wa Malaysia, bingwa wa dunia mara 8, ambaye hajawahi kumtia machoni ila kwenye picha niliyomruhusu mimi kuibandika sebuleni. Mimi hakunitaja. Alipoulizwa alianzaje, akajibu, "Nilikulia karibu na klabu."

Karibu! Shangazi, mimi nilikuwa dobi wa klabu hiyo. Taulo walizojifutia hao anaowashukuru nilizifua mimi. Mchana wanachama wakienda kula, ni mimi niliyekuwa nikimbembeleza askari amfungulie uwanja. Unaijua mipira yao ile midogo myeusi, yenye nukta mbili za manjano? Haidundi mpaka ipate moto. Nilikuwa nikifua huku namsikia anaupasha, ukutani, peke yake, na nikisikia kimya najua kachoka, nampelekea maji.

Simdai shukrani. Mzazi hadai. Nasema tu kwamba kocha alilipwa kwa kazi yake.

Sasa anataka nichukue mkopo wa Sacco kwa akiba yangu aende Cairo akafanye mazoezi, maana Wamisri ndio wanaotamba kwenye mchezo huu. Skwoshi inaingia Olimpiki kwa mara ya kwanza, Los Angeles 2028. Nikauliza nafasi ngapi. Wanawake 16, dunia nzima! Kabla ya hapo alikuwa akiniimbia Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Glasgow 2026. Birmingham 2022 skwoshi ilikuwepo, Glasgow wakaiondoa, akalia wiki nzima. Na hawezi kupumzika, kwa sababu mtu asipocheza mwaka mzima pointi zake za orodha ya dunia zinakwisha zote.

Nimemwambia aache. Kuna kazi Dubai ya kufundisha watoto, mshahara kila mwezi na pa kulala. Akakasirika, akasema mimi sielewi mchezo. Mimi! Nani aliyemtumia ujumbe jana kabla ya seti ya nne kwamba yule msichana amechoka, amsukumie mipira mirefu kule nyuma pembeni? Hakuusoma, akawa anapiga mifupi, mara mbili mpira ukagonga bati la chini ya ukuta, pointi ikaenda kwa mwenzake. Angeusoma angeshinda.

Dada yangu ananiambia nimuulize waziwazi kama ananionea haya. Nitamuulizaje? Watoto wa klabuni walikuwa wakimwita mtoto wa dobi, na siku moja alinipita langoni akiwa na wenzake kama hanijui. Alikuwa mdogo, nikanyamaza. Kwenye mahojiano hakuwa mdogo.

Watu watasema namnyima mkopo kwa sababu ya hayo mahojiano. Si kweli. Namnyima kwa sababu pesa hizo ndizo za uzeeni, nami magoti yameshakataa kazi. Fomu hata hivyo nimeshaijaza, imebaki sahihi tu, na mwisho wa kuipeleka ni Ijumaa. Nisaini au nisisaini?

Klabu usiitaje, wapo wanaonijua. Na kama unamjua mtu anayeuza viatu vya skwoshi namba 39 kwa bei nafuu, niambie. Vyake vimeachia soli, nimeviona jana kwenye simu.

Mama mwenye uchungu, Mombasa