Barua kwa Mwanangu Aendaye Istanbul

Mwanangu mpendwa,

Nimeipokea ratiba yako ya siku nne za Istanbul, nikaisoma mara mbili, na furaha yangu haikunizuia kuona kwamba umeupanga mji ule kana kwamba milango yake yote hufunguliwa kila siku. Kasri la Topkapı umeliweka Jumanne, siku ambayo hufungwa, na soko kuu la Kapalıçarşı umeliweka Jumapili, nalo siku hiyo halifanyi biashara. Zibadilishe nafasi hizo mbili, na nusu ya ratiba itakuwa imepona.

Kabla ya hayo, itazame tena tiketi. Mji una viwanja viwili vya ndege: kimoja kiko kaskazini, upande wa Ulaya, na kingine, Sabiha Gökçen, kiko upande wa Asia. Safari yangu ya kwanza nilifurahia nauli nafuu bila kuuliza nitatua wapi, nikajikuta nauvuka mji mzima usiku wa manane kwa teksi iliyoimeza nafuu yote.

Ayasofya usiipe saa moja kama ulivyoandika. Jengo lile lilikamilika mwaka 537, enzi za mfalme Justinian, likawa kanisa kwa zaidi ya miaka 900, likageuzwa msikiti Waothmani walipouteka mji mwaka 1453, likafanywa makumbusho katika miaka ya 1930, na mwaka 2020 likarudi kuwa msikiti. Ndiyo maana leo wanaokwenda kuswali huingia ukumbi wa chini bila malipo, ilhali watalii wa kigeni hukata tiketi ya kupanda roshani ya juu, ambako picha za kale zilizoundwa kwa vijiwe vya rangi zingali ukutani. Wewe swali Adhuhuri chini, kisha utoke ukate tiketi, maana ni ghali lakini haitakuuma. Ukiwa kule juu umkumbuke Herekali, yule mfalme wa Rumi ambaye marehemu babu yako alitusomea habari zake katika utenzi. Alivikwa taji katika mji huohuo mwaka 610, na jengo hilo alilikuta limesimama.

Msikiti wa Sultan Ahmed uko jirani, hutaukosa. Mimi, hata hivyo, naupenda zaidi wa Süleymaniye, alioukamilisha msanifu majengo Sinan mwaka 1557, kwa jinsi ulivyokaa juu ya kilima na kuitazama bahari. Utaufikia kwa miguu siku hiyohiyo ya soko. Misikiti yote hii huwasimamisha watalii nyakati za swala, kwa hiyo ratiba yako ifuate adhana.

Ile ziara ya boti uliyotaka kuilipia uifute. Panda feri ya kawaida ya abiria kutoka Eminönü hadi Üsküdar jua likikaribia kuchwa, kwa kadi ileile utakayotumia kwenye tramu, ununue chai humo ndani, kisha ukae ufukweni upande wa Asia uitazame minara ya mji ikigeuka vivuli. Acha jioni hiyo bila jambo jingine lolote.

Nitumie ratiba mpya kabla hujalipia chumba. Mtandio wangu wa kijivu, ule mwepesi, utaukuta kwa shangazi yako utakapopita kumuaga.

Mama yako akupendaye.