Kughilibiwa si kushindwa

Wete, Pemba

Sahibu yangu,

Assalaam alaykum. Barua yako imefika, na suali lako nimekaa nalo siku mbili. Unataka kuandika "timu yetu iliwaghilibu wapinzani", kwa maana iliwashinda kwa akili. Mimi nisingeandika, na nitakwambia kwa nini, ila kisa kwanza.

Juzi baada ya laasiri nilikaa kwenye bao na mzee mmoja wa hapa mtaani. Mkononi nimebakiwa na kete nne, na mbele nina pa kula pawili: shimo moja la kete mbili, jengine la tano. Macho, kama unavyonijua, yakaenda kwenye tano. Nikanamua, yaani nikatia kete moja ya mkononi, nikala, nikasambaza kwa mbwembwe mpaka kete ya mwisho ikalala shimo tupu. Mzee wala hakuwa na haraka. Akapiga funda la kahawa, akatia kete yake moja, akanibebea nyumba nzima, lile shimo langu kuu lenye kete nyingi.

Kijana mmoja pembeni akacheka: "Babu kakughilibu!"

Lahaula! Mzee akageuka mkali. "Mimi simghilibu mtu. Nimemzidi kete. Bao liko wazi, kila nilichonacho alikiona."

Basi jibu lako ni hilo, limetoka kinywani mwa mzee. Wa kughilibiwa lazima awe kafichwa kitu. Mjane aliyepigishwa dole gumba kwenye karatasi ya mikarafuu asiyoweza kuisoma, huyo kaghilibiwa. Mnunuzi aliyepunjwa kwenye mizani kaghilibiwa. Mimi nilikuwa na macho yangu mawili na roho ya ulafi tu.

Ajabu ni kwamba Kiarabu chenyewe, lilikotoka neno hili, hakina lawama hiyo. Unakumbuka chuoni tulikosoma Kurani, Surat Rum, tulivyokuwa tukiimba "Ghulibatir Rum" huku bakora ya maalim iko juu? Warumi wameshindwa, basi. Wameshindwa vitani, hakuna aliyewachezea shere. Na hii "aghalabu" tunayoisema kutwa ni ndugu yake wa tumbo moja: kilicho kingi kimekishinda kichache. Neno lilipovuka bahari likatua kwetu ndipo likashika ujanja, na "ghiliba" ikawa tusi kabisa. Mwite mfanyabiashara yeyote mtu wa ghiliba, uone kama atakukopesha tena.

Kwa hiyo andika "iliwazidi maarifa". Kama winga wenu kawapita watu watatu, sema kawapiga chenga, neno la mpira lipo na linapendeza. "Iliwaghilibu" iweke akiba siku mtakapochezesha mchezaji wa kuazima kwa jina la mwengine. (Usinijibu kuwa hamjawahi. Mechi ile ya skuli nilikuwepo.)

Nisalimie mama watoto. Nakatiza hapa, mzee keshapanga bao na ananiita kwa sauti mtaa mzima wasikie.

Ndimi sahibu yako