Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Mbeya kuhusu dawa za banda langu la kuku

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Kwa heshima nakuandikia kutoka Uyole, ninakofuga kuku wa nyama. Kwa miaka mingi nilitia oksitetrasaiklini, dawa ya kuua bakteria, kwenye maji ya vifaranga tangu siku ya kwanza, wakiwa wazima kabisa. Muuzaji wa dawa za mifugo ndiye aliyenielekeza, na hakuna aliyewahi kunidai cheti cha daktari wa mifugo. Samadi niliwauzia wakulima wa kabichi na viazi. Maji ya kuoshea banda yaliingia mtaroni, mtaro ukayapeleka mtoni.

Mwaka jana mama yangu alilazwa kwa UTI, maambukizi ya njia ya mkojo. Sipro, dawa ya bakteria aliyopewa, haikusaidia kitu. Walipootesha bakteria wa mkojo wake maabara, majibu yalirudi na herufi R mbele ya dawa tano, tetrasaiklini, ndugu wa dawa yangu ya kuku, ikiwamo. R maana yake bakteria ni sugu, dawa hiyo haiwaui. Alipona kwa sindano ambazo tuliuza ndama kuzilipia.

Siwezi kusema bakteria wale walitoka kwangu. Ila daktari alinieleza jambo lililoninyima usingizi: bakteria humpa mwenzake kipande cha vinasaba chenye usugu, hata wasipokuwa wa jamii moja, na kipande kimoja huweza kubeba usugu wa dawa kadhaa. Basi dawa niliyowapa kuku inaweza kuwa imewanenepesha bakteria wasiosikia hata dawa ambazo sijawahi kuzinunua. Bakteria hao hukaa tumboni mwa mtu bila kumuumiza. Akilazwa, huingia naye wodini, wakahamia kwa jirani kwa mikono isiyonawiwa au kwa mpira wa mkojo. Akiruhusiwa, hurudi naye nyumbani, chooni, mtoni.

Mwaka 2015 watafiti nchini China waliripoti jeni, yaani kipande cha vinasaba, ya usugu dhidi ya kolistini, dawa inayotunzwa kwa wagonjwa walioshindikana. Waliikuta kwa nguruwe, kwenye nyama na kwa wagonjwa. Sisi nasi tunafuga nguruwe, Mheshimiwa.

Nchi ina mpango kazi wa kupambana na usugu huu tangu 2017. Ninachoomba ni kidogo: waite mezani kwako Mganga Mkuu wa Mkoa, wataalamu wa mifugo na watu wa maji, majibu ya maabara zao yasomwe pamoja, kisha maduka ya dawa za mifugo yadai cheti kweli. Sisi wafugaji tutalalamika mwanzoni, maana vifaranga hufa na mkopo haungoji. Tuleteeni chanjo na ofisa mifugo anayefika bandani.

Banda langu liko wazi kwa kuchukua sampuli, siku yoyote.

Mfugaji, Uyole